Chumba cha Kitinda

Mzee aliyejulikana mtaa mzima kwa jina la Karani alikuwa ameitumikia mahakama miaka thelathini na minne, na katika miaka yote hiyo hakupata kufungua jalada lisilomhusu. Alipostaafu, wenzake walidhani atashinda barazani akisogoa. Yeye akanunua kompyuta ya mezani iliyokwisha kutumika, akauondoa mfumo wake wa zamani uliokuwa ukijikokota kama mgonjwa, akaweka mfumo mwingine uitwao Linux, na lugha akachagua Kiswahili. Alijifunza peke yake, kwa daftari na kalamu, kama alivyojifunza kupiga taipu ujanani mwake: neno kwa neno, kosa kwa kosa.

Jambo la kwanza alilolifanya lilikuwa kumfungulia kila mtu wa nyumba yake akaunti. Yeye hakuziita akaunti. Aliziita vyumba. Palikuwa na chumba cha mkewe, mshonaji wa sare za shule. Palikuwa na cha mwanawe wa kwanza, mwajiriwa wa idara ya maji, ambaye jamaa walimwita Bwana Mita. Kilikuwapo cha binti wa pili, aliyeitwa Mkutubi kwa kuwa kazi yake ilikuwa maktabani, na cha kitindamimba, ambaye hakuna aliyemwita vinginevyo ila Kitinda. Folda moja iliyokuwa ya wote akaiita Sebule, na humo ziliwekwa picha za ukoo, fomu za kulazia hospitali na vipimo vya sare.

Bwana Mita aliingia chumbani mwake mara moja tu, kwa kumridhisha baba, na kabla ya jua kuchwa alikuwa amekwisha kuisahau nywila yake. "Huyu ni mpangaji asiyelala nyumbani," Karani akasema, wala hakumsumbua tena. Aliyejifunza kwa dhati ni Mkutubi, maana alipenda vitu vikae mahali pake. Jumapili alasiri baba na binti waliketi pamoja katika chumba cha kushonea, kompyuta upande wa dirisha, cherehani upande wa mlango.

"Kila faili hubishiwa hodi na watu wa namna tatu," Karani alimweleza. "Mwenyewe, watu wa kundi lake, na watu baki. Na kila mmoja huulizwa mambo matatu: unaruhusiwa kusoma? Unaruhusiwa kuandika? Unaruhusiwa kuendesha?"

"Na wewe je, Baba?"

"Mimi ni Msimamizi. Mimi siulizwi."

Mkutubi akacheka. "Kwa hiyo unaweza kusoma barua zangu zote."

"Naweza." Karani akavua miwani, akaifuta kwa pindo la shati. "Ndiyo maana sisomi."

Naye alikuwa mtu wa kusema na kutenda. Kila mwisho wa mwezi alinakili chumba chake na Sebule katika diski ya akiba. Vya wengine hakuvinakili, kwa sababu, alisema, kunakili ni kusoma kwa mlango wa nyuma. Anayetaka nakala aje aombe. Mkutubi aliomba. Wengine hawakuomba.

Kitinda alipata ugonjwa wa damu akiwa na miaka ishirini na minne, akarudi nyumbani, akakaa miezi minane. Siku alizokuwa na nguvu aliketi mbele ya kompyuta, kipaza sauti kidogo kama kidole kikiwa kimebandikwa ukingoni mwa meza, akazungumza na mama yake huku mama akishona. Walicheka sana, mama na mwana. Walibishana juu ya mambo yasiyo na maana, ya vifungo, ya majirani, ya mtangazaji wa redio aliyekuwa akikohoa katikati ya taarifa ya habari. Mara nyingine Kitinda alibonyeza kitu fulani kabla hawajaanza, na mara nyingine alibonyeza mama akiwa ametoka. Hakumweleza mtu alichokuwa akikihifadhi, ila mama alijua kwamba sauti zilikuwa zikiingia humo na kukaa.

Alipokufa, chumba chake kilibaki katika kompyuta. Jina lake lilionekana kila asubuhi mashine ilipowashwa, la tano katika orodha, chini ya majina ya waliokuwa hai. Mama alimwambia mumewe mbele ya Mkutubi: "Usinifungulie sasa. Nikimsikia sasa nitavunjika. Nikiwa tayari nitasema mwenyewe." Karani akaitikia kwa kichwa, wala hakuuliza tena. Mwaka ukapita, ukapita wa pili, na wa tatu ukaanza. Mama alikuwa akiukusanya moyo wake polepole, na wote waliokuwa mle ndani walijua anaukusanya kwa ajili gani: siku moja ataketi kwenye kile kiti, asikie sauti ya mwanawe.

Karani hakuingoja siku hiyo. Alianguka Jumatano, saa nne asubuhi, kalamu ikiwa bado sikioni, na daktari akasema moyo ulikuwa umechoka muda mrefu.

Baada ya maziko jamaa walikutana kumchagua msimamizi wa mirathi. Halikuwa jambo la kubishaniwa. Bwana Mita alikuwa wa kwanza kuzaliwa, mtaratibu, mtu wa kuandika kila kitu kwa nakala tatu. Wote wakamwinulia mikono. Ndipo Shangazi, dada yake marehemu, mwanamke mkali wa ulimi na mwepesi wa machozi, akatoa bahasha aliyoikuta katika mtoto wa meza. Ilikuwa imebandikwa kwa gundi na kutiwa sahihi juu ya mfuniko, kama Karani alivyobandika nyaraka za mahakama maisha yake yote. Mbele, kwa mwandiko wake ulionyooka, palikuwa na maneno mawili: Kwa Msimamizi.

"Haya, bwana," Shangazi akasema akimpa Bwana Mita, "ndugu yangu hata kaburini anagawa majalada."

Watu wakacheka kidogo, kicheko cha msibani. Mkutubi hakucheka. Neno hilo alikuwa akiliona kila Jumapili kwenye skrini, limeandikwa kwa herufi ndogo chini ya jina la baba yake, akashuku kwamba si la mirathi. Lakini katika nyumba ya karani wa mahakama neno msimamizi lilikuwa na maana moja tangu watoto walipokuwa wakinyonya. Kama angesimama na kusema bahasha ile huenda ni yake, wangesema binti anagombea mali ya baba kabla udongo haujakauka. Akanyamaza. Bwana Mita akaitia bahasha katika mfuko wa ndani wa koti. Hakumsomea mtu, kwa sababu haikuandikiwa mtu mwingine.

Siku iliyofuata jamaa walimwona akifunga kwa ufunguo mlango wa chumba alimolala Kitinda alipokuwa hai. Shangazi, aliyekuwa amekwisha kupeleka mizigo yake humo, alikuta vikapu vyake vimepangwa ukumbini.

"Mimi nilimbeba huyo mtoto mgongoni," alisema. "Leo nanyimwa kitanda chake kwa hati ya nani?"

"Kwa hati ya marehemu, Shangazi."

"Marehemu angenipa kitanda chake mwenyewe, yeye akalala chini."

"Angekupa cha kwake. Cha mwingine asingekupa."

Shangazi alilala kwenye godoro ukumbini wiki mbili, akilalamika kiuno kila asubuhi kwa sauti ya kusikika jikoni. Bwana Mita hakutikisika. Mkutubi alidhani ni huzuni, kwamba kila mtu ana namna yake ya kulia, na ya kaka yake ni kufunga milango.

Miezi miwili ikapita. Jumamosi moja, kama saa tatu asubuhi, Mkutubi alikuja kumsalimu mama yake, akamkuta hakushona. Cherehani kilikuwa kimefunikwa kitambaa. Mama alikuwa ameoga, amefunga kitambaa safi kichwani, ameketi kwenye kiti cha Karani mbele ya skrini nyeusi, mikono magotini, kama mtu anayengoja kuitwa kwa daktari.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Njoo unifungulie kwa Kitinda. Nilidhani baba yenu angekuwapo. Sasa nimeona nikiendelea kungoja mpaka nisiogope, nitakufa sijasikia. Nimekuwa tayari. Ninaogopa, lakini nimekuwa tayari."

Mkutubi akawasha mashine. Ikavuma, ikafikiri, ikaleta orodha ya majina. Akayasoma. Akayasoma tena kutoka chini kwenda juu, kama anavyosoma rafu kitabu kinapokosekana mahali pake. Majina yalikuwa manne.

"Mbona umenyamaza?" Mama akauliza. Macho yake hayakuwa yakiona vizuri herufi za mbali.

"Inahitaji nywila ya Baba, Mama. Nadhani anayo Kaka. Ngoja nimpigie."

"Mpigie. Mwambie asikawie, moyo usije ukanigeuka."

Bwana Mita alifika kabla ya saa nne. Mkutubi alimpokea nje, penye kamba ya nguo, akamvuta kando ya dirisha.

"Kaka, jina la Kitinda liko wapi kwenye kompyuta?"

"Nililiondoa," alisema bila wasiwasi. "Wiki ya tatu baada ya maziko, kama sikosei. Niliingia kwa nywila ya Baba, nikawa naingiza hati za mirathi kwa skana, mashine ikakataa, ikasema diski imejaa. Ikanionyesha aliyeshika nafasi kubwa kuliko wote ni marehemu mdogo wetu. Kule ofisini mtu akiondoka, akaunti yake huondolewa kabla mwezi haujaisha. Akaunti isiyo na mwenyewe ni mlango wazi kwa wezi. Ni kanuni."

"Ilikuuliza jambo kabla ya kuondoa."

"Iliniuliza kama nina hakika."

"Na jingine. Iliuliza faili zibaki au zifutwe."

Bwana Mita akafikiri, akitazama nguo zilizoanikwa. "Zifutwe," alisema. "Nafasi ndiyo niliyokuwa nikiitafuta. Kwani kuna nini?"

"Mama yumo ndani ameketi anangoja kumsikia Kitinda."

Alimtazama dada yake kama mtu aliyesemeshwa lugha ya ugenini. Kisha akasema, kwa unyonge ambao Mkutubi hakuwa ameusikia kwake tangu utotoni, "Baba hakuniambia habari ya kumsikia. Aliniachia maagizo. Nimeyatii neno kwa neno, muulize Shangazi."

"Nionyeshe barua, Kaka."

"Iliandikwa kwa—"

"Najua ilivyoandikwa. Nionyeshe."

Aliitoa katika mfuko wa shati. Ilikuwa karatasi moja, imekunjwa mara tatu kwa mikunjo sawa. Juu palikuwa na nywila, kila herufi katika kisanduku chake. Chini yake Karani alikuwa ameandika hivi:

Vyumba vya wengine visifunguliwe bila idhini ya wenyewe. Asiyekumbuka nywila yake abadilishiwe, asisemwe. Chumba cha Kitinda kiachwe kama kilivyo, mpaka mama yake atakapoomba kwa kinywa chake mwenyewe. Siku hiyo kifunguliwe, na aachwe peke yake.

Mkutubi alisoma mpaka mwisho, na alipoinua macho aliona kaka yake amemnyooshea ufunguo wa chuma, ule wa chumba alimolala Kitinda.

"Huu hapa," Bwana Mita alisema. "Hakuna aliyeingia. Sikumruhusu hata Shangazi. Shuka ni zilezile, hata kikombe chake kiko dirishani. Kama Mama ameomba, twende tukamfungulie."

"Kaka, Baba hakuziita akaunti. Aliziita vyumba."

"Aliita nini vyumba?"

"Hizo. Za kwenye kompyuta. Kila siku aliziita hivyo. Hii barua si ya mirathi. Ni ya kompyuta. Msimamizi ni yule wa kompyuta."

Ilimchukua muda kuelewa, na Mkutubi aliona ufahamu ukimwingia kama maji yanavyoingia katika nguo, kutoka pindoni kwenda juu. Mkono wenye ufunguo ukashuka. Akatafuta pa kuketi, hapakuwa na kitu ila ndoo iliyopinduliwa, akaikalia, mtu mzima mwenye shati lililopigwa pasi.

"Hiyo ya nywila nilidhani ni dokezo tu," alisema. "Nilidhani mwanzoni anazungumzia kompyuta, kisha anazungumzia nyumba." Baadaye akauliza, "Ulipoiona bahasha, ulijua?"

"Nilidhani."

"Ukanyamaza."

"Nikanyamaza. Niliona watasema nagombea."

"Wangesema," Bwana Mita alikubali. "Mimi ningekuwa wa kwanza." Wala hawakulaumiana tena, kwa kuwa kila mmoja alikwisha kuona fungu lake.

Ndani, Mkutubi alimwambia mama yake kwamba mashine ina hitilafu na inabidi ipelekwe kwa fundi. Neno hilo lilimchoma kwa sababu nusu yake ilikuwa kweli. Aliizima kwa kuchomoa waya ukutani, bila kuifunga kwa taratibu, maana alijua kila dakika inayopita mashine ikiwa macho inaandika kitu, na kila inachoandika huenda kinakaa juu ya sauti ya mdogo wake. Mama alivua kitambaa chake kizuri, akakikunja.

"Basi nitashona," alisema. "Moyo umekubali kungoja siku chache. Usiufanye ungoje sana."

Fundi alikuwa mwanamke mnene mcheshi, mwenye kibanda kilichojaa mashine zilizofunuliwa matumbo. Alisikiliza huku akifungua skrubu.

"Nani aliyefuta?"

"Msimamizi," Mkutubi alisema.

"Hao ndio wanaonipa kazi, dada yangu. Mtumiaji wa kawaida akitaka kubomoa nyumba, kompyuta humwuliza: wewe ni nani? Msimamizi huulizwa tu kama ana hakika. Na umewahi kumwona msimamizi asiye na hakika?" Alipoona hakuna anayecheka, akaufuta uso wake kwa mkono. "Ni ya nani?"

"Ya mdogo wetu. Amefariki."

"Poleni. Nipeni siku nne."

Katika siku hizo nne Mkutubi aliipekua diski ya akiba ya baba yake, folda baada ya folda, akijua hatakuta kitu. Alikuta chumba cha Karani. Alikuta chake mwenyewe, kwa kuwa aliomba. Alikuta Sebule, na picha ya Kitinda akiwa amemshikia mama yake futi ya kupimia. Hakuna zaidi. Karani hakuwa mtu wa kuvunja neno, hata mara moja, hata kwa bahati. Mkutubi alijikuta akimkasirikia, akaona aibu, akaendelea kumkasirikia.

Siku ya tano Fundi aliwaweka kwenye benchi, ndugu wawili bega kwa bega, naye safari hii hakutania.

"Baada ya kufuta, mliingiza kurasa ngapi?"

"Elfu moja mia moja na kitu," Bwana Mita alijibu. "Zote kwa rangi. Niliogopa mihuri isionekane."

"Zimekaa juu yake. Nimepapasa kote. Sauti hakuna, hata sekunde moja." Akawapa karatasi. "Kilichosalia ni hiki. Mfumo ukifuta faili, ile ramani ya mahali ilipolala huifuta kwanza, lakini jina mara nyingine husahaulika kwenye orodha. Haya ni majina. Arobaini na moja."

Mkutubi akaipokea. Maktabani alikuwa ameona jambo kama hilo mara moja, mvua ilipoezua paa la ghala: kadi zote za katalogi zilikuwa nzima katika visanduku vyake, na vitabu vilikuwa vimekwisha kuwa uji. Aliyasoma majina mpaka la mwisho, akaikunja karatasi, akairudisha mkobani.

Njiani alimwambia kaka yake, "Tungeweza kusema mashine iliharibika."

"Tungeweza."

Walikwenda hatua kadhaa.

"Nitasema mimi," Bwana Mita alisema.

Mama alikuwa akishona kola. Jua la saa sita lilikuwa limejaa katika chumba cha kushonea, na mahali pa kompyuta mezani pakaonekana mraba usio na vumbi. Bwana Mita hakuketi. Alisema yote akiwa amesimama, mikono mgongoni, kwa mpangilio, kama mtu anayetoa taarifa kazini: bahasha, barua, ufunguo, diski kujaa, swali lililoulizwa na jibu alilolitoa. Hakujitetea kwa kanuni za ofisi. Alipofika mwisho alisema, "Kwa hiyo hayumo tena, Mama. Nimemfuta mimi."

Cherehani kilikuwa kimenyamaza muda mrefu. Mama alikitazama kitambaa kilichokuwa chini ya sindano.

"Mama, naomba—"

"Usiniombe msamaha leo," alisema. "Leo nimefiwa. Mfiwa haombwi kitu."

Akainama, kilio chake kikatoka bila sauti kubwa, mabega yakitikisika kama yanavyotikisika akiendesha kanyagio. Hawakumgusa. Alipomaliza alijifuta kwa kile kipande cha kola, akakitazama, akakiweka kando.

"Hakikusalia kitu?"

"Yamesalia majina, Mama," Mkutubi alisema. "Majina aliyozipa sauti. Zenyewe hazipo."

"Nisomee."

Mkutubi akasoma, polepole, kila jina na tarehe yake. Mama na vifungo. Mama anabishana na redio. Mvua juu ya bati. Mama hajui nimewasha. Mama anajua nimewasha. Baba anapiga chafya. Wimbo aliosahau katikati. Mengine yalimfanya mama atikise kichwa, kwa kuwa hakukumbuka siku hiyo, na kutokukumbuka kwake kulikuwa kama kupoteza mara ya pili. Penye jina Kwa nini nzi, alisema tu, "Ah," na midomo ikajaribu kucheka ikashindwa. Shangazi, aliyekuwa amefika mlangoni na sahani ya matunda, akasimama pale pale asiingie.

Mkutubi alijua kinachokuja. Alikuwa amejiuliza njia nzima kama angeweza kuliruka lile la mwisho, ahesabu arobaini na kuikunja karatasi. Mama asingejua. Lakini orodha haikuwa yake.

"Arobaini na moja," alisema. "Tarehe tisa. Nitamwambia Mama."

Mama aliinua uso. "Siku tano kabla."

"Ndiyo."

"Aniambie nini?"

Nje mtu alikuwa akisukuma mkokoteni wenye gurudumu lenye kelele, na wote wanne wakausikia mpaka ukaishia mbali.

Mama akamgeukia mwanawe. Macho yake hayakuwa na hasira. Yalikuwa na njaa, na hilo lilikuwa gumu zaidi kulitazama. "Wewe ndiye wa mwisho kuingia humo. Ulikuwa na nywila, ulikuwa Msimamizi, hakuna aliyekuzuia. Kabla hujazifuta, hukusikiliza hata moja? Hata kidogo?"

Bwana Mita alitikisa kichwa.

"Sikufungua, Mama. Niliona si haki yangu kusikiliza."

Mama alimtazama. "Wewe ni baba yako mtupu," alisema.

Kisha akakivuta kitambaa, akautafuta uzi uliokuwa umechomoka kwenye sindano ya cherehani. Alilikosa tundu mara ya kwanza, na ya pili, na ya tatu. Bwana Mita akaja, akapiga magoti kando ya meza, akaulowesha uzi ulimini, akautunga. Mama akaupokea bila kumtazama, akashusha kiguu cha cherehani, akaanza kushona.